Bawasiri kwa watoto: Haya isimnyime mwana tiba

Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo aghalabu halizungumzwi misikitini wala barazani, na mara nyingine hata baina ya mume na mkewe. Nalo ni maradhi ya tupu ya nyuma yanayowapata watoto wetu, ambayo wengi wetu huyaita yote kwa jina moja la bawasiri.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya maswali. Katika kuzitembelea familia za Endagikot na sehemu nyingine za Mbulu na Hanang, tumeona kwamba darsa likiisha na watu wakaanza kutawanyika, hubaki mama mmoja au wawili nyuma. Huuliza kwa sauti ya chini kwamba mtoto ana shida huku nyuma, akienda haja analia, na jana ilionekana damu. Ukiuliza shida imeanza lini, utajibiwa kuwa ni tangu mavuno yaliyopita. Ukiuliza daktari amesema nini, utajibiwa kuwa hajapelekwa, kwa sababu ni aibu.

Maoni yetu ni kwamba haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomwacha mtoto akiteseka miezi sita si haya aliyotufundisha Mtume (s.a.w.). Mtoto anayelia chooni hahitaji fimbo, wembe wala hirizi. Anahitaji chakula kinachomfaa, maji, mzazi mpole, na pale inapobidi, daktari. Tutalieleza hilo kwa tafsili, Inshaallah.

SAHABA ALIYEULIZA

Neno bawasiri lenyewe tumelipata kutoka katika Kiarabu, nalo limo katika vitabu vya hadithi. Imran bin Huswayn (r.a.), sahaba aliyesilimu mwaka wa Khaybar, yaani mwaka wa 7 Hijria, na aliyefariki katika mji wa Basra mwaka wa 52 Hijria, alikuwa na maradhi haya. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba yeye mwenyewe aliyataja kwa jina lake, na akamuuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kusali akiwa katika hali hiyo. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu.

Ndugu msomaji, tuzingatie mambo mawili katika tukio hili. La kwanza, muulizaji hakuona aibu kuyataja maradhi yake, na wanazuoni waliokuja baada yake hawakuona aibu kuyaandika. La pili, muulizwaji hakumkemea wala hakugeuza uso. Alimpa wepesi. Wepesi ambao Waislamu wote wagonjwa wanaufaidi hadi leo, kuanzia aliyevunjika mguu hadi mzee asiyeweza kusimama, umetufikia kupitia swali la mtu mwenye bawasiri. Lau angenyamaza kwa haya, tungekosa elimu kubwa. Bibi Aisha (r.a.) naye aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi mama wa Endagikot anayeuliza kuhusu mwanawe anafuata njia yao, naye anastahiki heshima na jibu lililo wazi.

SI KILA DAMU NI BAWASIRI

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyo ndani au pembezoni mwa tupu ya nyuma inapovimba na kutuna. Kwa watu wazima ni maradhi ya kawaida sana. Kwa watoto, madaktari wanatuambia, bawasiri ya kweli ni nadra. Huweza kutokea kwa mtoto aliyekaa muda mrefu akijikamua kwa choo kigumu, au kwa mtoto mwenye maradhi ya ini yanayozidisha msukumo wa damu katika mishipa ya tumbo. Kwa hiyo mtoto anapoonekana na uvimbe wa kweli wa mishipa, mzazi asiridhike na dawa ya kupaka, bali ampeleke akapimwe na tumbo pia.

Basi ile damu na yale maumivu tunayoyaona kwa watoto wengi hutoka wapi? Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni mchaniko mdogo wa ngozi ya tupu ya nyuma, unaosababishwa na choo kigumu na kikubwa. Dalili zake ni mtoto kulia anapokwenda haja, na damu nyekundu kidogo juu ya choo au katika maji ya kutawadhia. Mchaniko huo ukikaa muda mrefu, ngozi iliyo pembeni yake huota kijinyama kidogo, na hapo ndipo jirani huja akasema kuwa mtoto ana bawasiri.

Yapo na mengine. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka minne, huweza kutokeza utumbo wa mwisho anapojikamua, ukaonekana kama nyama nyekundu yenye unyevu. Hilo huja kwa choo kigumu, kwa kuharisha kwa muda mrefu, kwa utapiamlo, kwa kikohozi kikali au kwa wingi wa aina fulani za minyoo. Mtoto mwingine hutoa damu nyekundu bila maumivu yoyote, na sababu huwa ni kijinyama laini kilichoota ndani ya utumbo, ambacho daktari anaweza kukiondoa. Mwingine huwashwa usiku asilale, na sababu ni minyoo midogo myeupe inayotoka nje usiku kutaga mayai. Na mwingine anaharisha damu, na hayo ni maambukizi ya tumbo yanayotaka tiba ya haraka.

Haya yote tumezoea kuyatia katika jina moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukilipa gonjwa jina lisilo lake, utalipa na dawa isiyo yake.

MDUARA WA CHOO KIGUMU

Inafaa mzazi afahamu jinsi shida hii inavyojizungusha. Mtoto hupata choo kigumu siku moja, kwa homa, kwa kubadilishiwa chakula, au kwa kuanza shule na kukiogopa choo cha huko. Siku hiyo anaumia. Mtoto ana akili, naye hukumbuka. Kesho yake haja inapomjia huibana, hukaza miguu, hujificha nyuma ya mlango, na mama hudhani anajitahidi kuitoa kumbe anajitahidi kuizuia. Choo kinachokaa tumboni hunyonywa maji kikazidi kuwa kigumu na kikubwa. Siku kinapotoka humchana, na hofu yake huongezeka. Basi maumivu huzaa hofu, hofu huzaa kubana, na kubana huzaa maumivu mengine.

Mduara huu ukiendelea miezi kadhaa, utumbo wa mwisho hutanuka na kupoteza hisia. Hapo choo chembamba cha majimaji hupenya pembeni mwa kile kigumu na kumtoka mtoto bila yeye kujua. Nguo zinachafuka. Mama hudhani mtoto anaharisha, akampa dawa ya kufunga choo, na shida ikazidi. Baba naye hudhani mtoto ni mvivu wa kwenda chooni, akachukua fimbo.

Ili tusitie hofu pasipo na sababu, tuseme pia lililo la kawaida. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee huweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe na ugonjwa wowote, maadamu choo kinapotoka ni laini, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito. Ama mtoto mkubwa anayepata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au anayepata choo kikubwa kigumu kwa maumivu, huyo amefunga choo na anahitaji kusaidiwa.

FIMBO SI DAWA

Mzazi mmoja wa upande wa Endagikot alitujia na mwanawe wa miaka saba, akitaka mtoto asomewe. Alisema mtoto anachafua kanzu yake madrasa, amechapwa nyumbani, amechapwa na huko madrasa, wenzake wamempa jina baya, na sasa hataki tena kusoma. Tulimwombea mtoto dua, kisha tukamwambia baba ampeleke hospitali. Daktari alipombonyeza tumbo alikuta choo kigumu kimejaa kama mawe. Mtoto huyo alikuwa mgonjwa, wala hakuwa na jini wala ukaidi. Alipewa dawa ya kulainisha choo kwa miezi kadhaa, na wazazi wakafundishwa namna ya kumlisha na kumzoesha choo. Miezi yote ile aliyochapwa, alichapwa kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo.

Tunawaambia walimu wenzetu wa madrasa jambo hili kwa upole lakini kwa msisitizo. Sote tunalijua tukio la bedui aliyekojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Masahaba walimkimbilia, na Mtume (s.a.w.) akawazuia wasimkatize haja yake, kisha akaamuru pamwagiwe ndoo ya maji, na akamfundisha kwa maneno laini. Huyo alikuwa mtu mzima tena ndani ya msikiti. Vipi basi mtoto wa miaka saba juu ya jamvi la madrasa? Tunajua pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kusali huku akizuia haja kubwa au ndogo. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, haisaliwi kwa kubana haja, ni kwa hoja gani mwalimu amlazimishe mtoto abane haja hadi amalize kusoma ubao wake?

Ruhusa ya kwenda chooni isiwe zawadi ya mtoto mwema. Ni haki ya kila mtoto. Na choo chenyewe kiwepo, kiwe safi, kiwe na mlango unaofungika na maji ya kutawadhia. Kiwango kinachotakiwa katika shule za nchi yetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Madrasa zetu nyingi hazifikii hata nusu ya hapo. Tunapochangishana kwa ajili ya mnara na zulia, tuanze na tundu la choo, kwani twahara ndiyo ufunguo wa sala.

DAWA ILIYO CHUNGUNI

Tiba ya kwanza ya watoto wengi wa aina hii imo jikoni. Kisa kimoja cha Afrika Mashariki kinafaa kutajwa hapa. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960. Ulimwengu unamkumbuka kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Lakini baada ya kuondoka Uganda alijishughulisha na chakula na tumbo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya ajabu kidogo: walipima choo. Wanakijiji wa Uganda walitoa kwa wastani zaidi ya gramu 400 kwa siku, na Waingereza waliopimwa kiasi cha gramu 100 tu. Chakula kilipita tumboni mwa wanakijiji kwa takriban siku moja na nusu, na kwa Waingereza kwa zaidi ya siku tatu. Burkitt alisema sababu ni nyuzinyuzi zilizomo katika vyakula visivyokobolewa, na kwamba uhaba wake ndio unaoleta kujikamua na bawasiri. Wataalamu waliomfuatia hawakukubaliana naye katika kila hoja, hasa hiyo ya bawasiri, lakini kwamba nyuzinyuzi huongeza na kulainisha choo ni jambo linalokubalika.

Sasa tujitazame. Mahindi ya Mbulu yanakwenda mashineni, yanakobolewa, yanarudi yakiwa sembe nyeupe. Pumba zenye nyuzinyuzi twawapa ng'ombe na kuku, mwana twampa wanga mweupe kwa maziwa, asubuhi chai na mkate au maandazi, jioni ugali tena. Kisha twashangaa kwa nini mtoto hapati choo. Tunashauri familia irudi katika dona, au walau ichanganye dona na sembe. Na pale palipo na mtama au ulezi, utumike katika uji.

Lakini dona ina sharti lake, nalo si dogo. Mwaka 2016 watu kadhaa walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Kwa hiyo mahindi ya dona yakaushwe vizuri juu ya turubai na si juu ya udongo, yachambuliwe, punje zilizobadilika rangi, zilizooza au zilizovunjika zitupwe, na yahifadhiwe mahali pakavu. Dona ya mahindi mabovu ni sumu kwa nyumba nzima.

Mengine yote yapo karibu. Maharagwe na kande, chakula cha kila siku katika nyanda hizi, ni kizuri mno kwa tumbo la mtoto. Mchicha, majani ya maboga na kunde visiachwe kwa kuitwa chakula cha shida. Papai, chungwa lililiwa pamoja na nyama zake, embe na parachichi visaidie. Maziwa ya ng'ombe ni neema kubwa katika nchi ya wafugaji, lakini mtoto mdogo anayeshinda kwa maziwa na kukataa vyakula vingine huweza kufunga choo. Apunguziwe maziwa na aongezewe chakula. Na asisahau maji. Mbulu ni nchi ya juu na ya baridi, na mtoto wa nchi ya baridi hasikii kiu kama wa Tanga. Mzazi asingoje mtoto aombe. Ampe maji safi na salama asubuhi, mchana na jioni. Nyuzinyuzi bila maji huweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi.

Nasaha hii si ngeni. Tabibu Musa bin Maimun, Myahudi aliyeishi Misri katika zama za Salahuddin na kufariki mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu risala nzima juu ya bawasiri kwa ajili ya kijana mmoja aliyeudhiwa na maradhi hayo na kutamani akatwe. Tabibu huyo hakulikimbilia kisu. Alianza na chakula na kulainisha choo. Miaka zaidi ya mia nane imepita, na daktari wa leo anaanza hapo hapo.

MATUNZO YA NYUMBANI

Baada ya chakula, yapo mambo manne ambayo kila mzazi anayaweza.

Kwanza, wakati. Tumbo huamka baada ya kula. Mtoto akalishwe chooni dakika tano hadi kumi baada ya kifungua kinywa au chakula cha jioni, kila siku, bila kuharakishwa wala kukaripiwa. Akipata choo apongezwe, asipopata aachwe kwa amani.

Pili, mkao. Mkao wa kuchuchumaa ni mzuri kwa kutoa choo, lakini tundu pana na lenye giza humtisha mtoto mdogo. Atumie poti, na miguu yake iguse chini. Mama zetu walikuwa wakiketi, wakanyosha miguu na kumkalisha mtoto juu yake. Mtoto alitulia kwa kuwa alikuwa ameshikwa na mama. Hiyo ni hekima isiyofaa kuachwa.

Tatu, usafi. Maji tunayotumia katika kutawadha ni rehema kwa ngozi iliyochanika. Mtoto asipanguswe kwa magunzi wala karatasi ngumu, na asisuguliwe kwa sabuni kali. Aoshwe kwa maji, akaushwe kwa kitambaa laini, na apakwe mafuta ya mgando kidogo. Mtoto mwenye maumivu huweza kukalishwa katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Mama ayapime kwanza kwa kiwiko chake, yasije yakamchoma.

Nne, subira katika dawa. Daktari akimwandikia mtoto dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi, asiikatishe siku choo kinapokuwa laini. Utumbo uliotanuka hutaka miezi kurudi katika hali yake. Wengi huacha dawa wiki ya pili, shida ikarudi, wakasema dawa ya hospitali haifai.

YASIYOFAA

Tunawasihi ndugu zetu wajiepushe na mambo yafuatayo. Wasikate kwa wembe kijinyama chochote cha tupu ya nyuma, wala wasikichome, wala wasikifunge uzi. Huko ni kumwaga damu, kuingiza vijidudu, na pengine kukata utumbo wenyewe uliotokeza. Wasimwingize mtoto vipande vya sabuni, pilipili, tumbaku wala maji ya mizizi. Wasimpe mafuta ya nyonyo wala dawa ya kuharisha ya mtu mzima. Wasimpake dawa za bawasiri za watu wazima bila idhini ya mtabibu.

Tunasema na juu ya asali, ambayo Qur'ani imeitaja kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Sisi tunaiamini na tunaitumia. Lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa ajili ya choo wala kwa jambo jingine, kwa sababu tumbo lake changa haliwezi kuvidhibiti vijidudu ambavyo mara chache humo ndani, navyo huweza kuzalisha sumu inayopooza mwili. Kuijua dawa ni pamoja na kumjua anayefaa kuinywa.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Utumbo ukitokeza, mzazi asipige kelele. Amlaze mtoto, anawe mikono, aurudishe taratibu kwa kitambaa safi kilicholowa maji, kisha ampeleke kituo cha afya akapimwe. Usiporudi, au ukibadilika rangi kuwa wa zambarau au mweusi, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Mtoto apelekwe bila kuchelewa pia ikiwa damu ni nyingi au inajirudia, choo ni cheusi kama lami, anaharisha damu, ana homa, tumbo limevimba, anatapika, hasa matapishi ya kijani, viganja vimepauka, au anakonda. Kitoto kinacholia kwa vipindi, kinatapika na kutoa choo chenye damu na makamasi kisingojwe hadi asubuhi. Na mtoto mchanga ambaye hakupata choo katika siku mbili za mwanzo za maisha yake aonwe na daktari.

Hospitali haziko mbali kiasi cha kutupa udhuru. Mbulu mjini ipo, na Haydom ipo hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, inayowatibu watu wa dini zote. Sera ya nchi yetu ni kuwa mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Anayeshindwa kumweleza mtabibu kwa Kiswahili aende na mtu atakayemfasiria Kiiraqw au Kidatoga. Na asiridhike kusema kwamba mtoto ana shida huku nyuma. Ataje damu, rangi yake, maumivu na siku zilizopita.

Lipo jambo moja zito ambalo tungependa kulinyamazia lakini amana inatukataza. Mara nyingine jeraha la sehemu hiyo halitokani na choo. Mtoto akibadilika ghafla, akimwogopa mtu fulani, akawa na michubuko au maumivu yasiyo na maelezo, mzazi asiseme ni bawasiri ili kuficha aibu ya ukoo. Aibu ni ya aliyetenda. Mtoto asikilizwe faraghani, apelekwe hospitali, na taarifa ipelekwe kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au ipigwe namba 116 ya kuwasaidia watoto. Kumsitiri mdhalimu kwa gharama ya mtoto hakumo katika sitara tuliyoamrishwa.

NENO LA MWISHO

Wengine watauliza kuhusu ibada. Mtoto ambaye hajabaleghe hajalazimishwa sala wala funga, bali huzoeshwa. Basi asizoeshwe kwa mateso. Anayefunga choo asihimizwe kufunga Ramadhani hadi apone. Na akitokwa na damu, kwa madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata wengi wetu, udhu wake hutenguka, naye afundishwe kutawadha upya kwa upole, bila kuambiwa kuwa yeye ni najisi.

Ndugu zetu, watoto ni amana, na tutaulizwa juu ya amana hiyo mwili wake wote, pamoja na sehemu tunazoona haya kuzitaja. Wiki hii kila baba amuulize mkewe, na kila mama amuulize mwanawe, kwa faragha na kwa upole, kama anapata choo vizuri na kama anaumia. Kila mwalimu wa madrasa akitazame choo cha wanafunzi wake kabla ya kuitazama fimbo yake. Swali hilo ni dogo, lakini kwa mtoto anayebana machozi kila asubuhi, huenda likawa ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wagonjwa, na awape wazazi wao elimu na subira. Wabillahi tawfiq.